Kufufua reli: chuma si tatizo, tatizo ni mkuza

Kazi yangu ni kukagua njia za reli zilizokufa na kusema kama zinaweza kubeba tena abiria wa kila siku. Swali la kwanza huwa ni la vifaa: reli, mataruma, kokoto. Hivyo vyote vinanunuliwa. Kinachotoa jasho ni mkuza, ule ukanda wa ardhi ambao treni lazima ipite.

Tazama Borders Railway ya Scotland. Njia ya zamani, kilomita 158 kutoka Edinburgh hadi Carlisle, ilifungwa Januari 1969. Usiku wa mwisho wanakijiji wa Newcastleton waliizuia treni pale reli inapokatana na barabara, na mchungaji wao akakamatwa na polisi. Hawakufua dafu. Reli ziling'olewa, ardhi ikamegwa. Baadaye barabara ya mchepuko ya Edinburgh, A720, ikakatiza palepale ilipopita reli, na Galashiels wakajenga kwenye eneo la stesheni.

Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kuirudisha mwaka 2006, na kipande cha kufikia Tweedbank tu, kama kilomita 48, kikaja kugharimu karibu pauni milioni 300. Treni ikaanza Septemba 2015. Fedha hizo hazikumezwa na reli peke yake. Ilibidi kupenyeza njia chini ya A720, kukarabati na kujenga madaraja, na kujaza mashimo ya migodi ya makaa ya mawe iliyosahaulika huko Midlothian. (Aliyewahi kuona alama nyekundu ya X kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya reli Dar es Salaam anajua bili ya namna hii huishia kwa nani.)

Abiria walikuja: zaidi ya milioni moja mwaka wa kwanza, na stesheni za mbali kama Galashiels na Tweedbank zikapita makadirio. Sishangai. Makadirio huwaona wakazi wa jirani na stesheni, lakini humsahau mwenye gari anayetoka mbali, akaliegesha na kupanda treni.

Ninacholaumu ni ubahili. Sehemu kubwa ya njia ni ya reli moja, yenye vipande vitatu vya kupishania, navyo vilifupishwa ili kubana matumizi. Treni ya kwenda ikichelewa, ya kurudi nayo inasubiri. Kuongeza mabehewa si kazi kubwa. Kupanua daraja jipya lililojengwa kwa upana wa reli moja ni kulijenga upya.

Sasa Hawick, mbele ya Tweedbank, inaidai treni yake. Wengi wanaangalia tuta la reli ya zamani la kutoka Tweedbank kwenda huko. Mimi ningeanzia upande wa Edinburgh, kuhesabu treni ngapi zaidi zinaweza kupishana kabla ya kuwaahidi watu wa Hawick ratiba.