Je, wajua kwa nini msomi wa Kichina ughaibuni haunganishiwi kazi na binamu yake?

Jibu nililokuwa nalo kwa miaka mingi lilikuwa fupi, nalo lilikuwa bovu: Wachina wanabebana, basi. Nilikuwa nikiwaona Kariakoo, duka la huyu limegusana na la yule. Niliposikia kwamba kampuni za teknolojia za California na Toronto zimejaa wahandisi kutoka China, sikuhangaika kutafuta maelezo mengine. Mmoja ameingia, akamvuta wa pili, wa pili akamvuta shemeji yake. Jambo hilo kwetu lina majina tele: kujuana, kimemo, na lile neno la utani, undugunaizesheni. Wao wanaliita guanxi. Nikafunga jalada.

Lilifunguka kwa swali dogo tu. Shemeji anajua nini kuhusu ajira za wabunifu wa saketi za kompyuta?

Kosa langu lilikuwa na mizizi ya kweli, na mizizi hiyo iko San Francisco ya karne ya 19. Wachina waliofika huko walijipanga kwa wilaya walizotoka Guangdong, jimbo la kusini mwa China, kila kundi na nyumba yake iliyoitwa huiguan. Humo ulipata kitanda, mkopo na mtu wa kukupeleka kwenye kazi. Mtaji wa kufungulia dobi au duka ulitoka mara nyingi kwenye hui, ambayo Mtanzania yeyote ataitambua bila kuelezwa: ni upatu. Kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Mfumo ule ulikuwa wa ndugu kwelikweli, na ulizidi kubana baada ya sheria ya mwaka 1882 kuwafungia Wachina mlango wa Marekani. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1943, ulifunguliwa kwa watu 105 kwa mwaka. Ni sheria ya mwaka 1965 iliyoruhusu wasomi kuingia kwa wingi, na hao ndio tunaowazungumzia.

Msomi hatafuti dobi. Hapo ndipo maelezo ya ndugu yanapoanza kuvuja.

Mwanasosiolojia Mark Granovetter aliwahoji wanaume wa Newton, mji ulio jirani na Boston, wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Aliyoyachapisha mwaka 1973 bado yananishangaza. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndio walioonana na mtu huyo mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache. Asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Kwa hiyo zaidi ya robo waliunganishiwa kazi na mtu ambaye wangemsahau kwenye orodha ya waalikwa wa harusi.

Chukua kijiji chenye kisima kimoja. Ndugu zako, jirani zako na marafiki wa karibu wote wanachota hapo. Siku maji yakikauka, ukimuuliza dada yako maji yako wapi, atakuangalia tu, maana ndoo yake nayo iko tupu. Mwenye habari za kisima kingine ni yule mchuuzi wa samaki wakavu anayepita mara moja kwa mwezi, ambaye hata jina la baba yake hulijui. Hakupendi kuliko dada yako. Ila yeye amevuka mlima.

Sasa mweke mgeni aliyetua Toronto juzi. Watu wake wa karibu ni mke wake, aliyetua naye, na rafiki wa chuo wanayegawana naye sebule. Labda na binamu, aliyetangulia miaka 20 na anayefanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Wanampenda, watamlisha, watamkopesha nauli. Kwa habari za kazi ya uhandisi, wote wana ndoo tupu.

Basi guanxi ni hekaya? Hapana, na hapa nilijikwaa mara ya pili, safari hii upande mwingine. Mwaka 1988 mwanasosiolojia Yanjie Bian alishiriki utafiti uliohoji wakazi 1,008 wa jiji la Tianjin, China, kuhusu walivyopata kazi, na mwaka 1997 alichapisha matokeo yaliyopindua ya Newton: kule waliofaa walikuwa watu wa karibu. Sababu ni ya kiofisi kuliko ya kiutamaduni. Kazi ziligawiwa na serikali. Hakukuwa na soko la kulisikilizia habari, palikuwa na ofisa wa kushawishiwa. Ofisa anayekupendelea anavunja utaratibu, na hakuna anayevunja utaratibu kwa ajili ya mtu aliyekutana naye kwenye basi. Alihitajika mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili, awe ndugu, au rafiki wa kufa na kuzikana.

Picha yangu ya guanxi ilitoka huko, na kwa Tianjin ya 1988 haikuwa picha mbaya. Kosa langu ni kuipandisha ndege. Akihama nchi, mtu anahama kutoka mahali palipopungukiwa ushawishi na kwenda mahali palipopungukiwa habari, na aina ya mtu anayemfaa inabadilika njiani. Kwenye kimemo unahitaji mtu wa kukufichia siri. Toronto hakuna siri ya kuficha, unahitaji mtu wa kukwambia kwamba idara fulani inaajiri mwezi ujao.

Wachina wana neno la kazi hii: neitui. *Nei* ni ndani, *tui* ni kusukuma au kupendekeza. Mtu aliye ndani ya kampuni anaingiza jina lako kwenye mfumo wa kampuni yake, wazi kabisa, tena kwa kufuata kanuni. Ukitaka kuielewa neitui, achana na kimemo, mfikirie mshenga. Mshenga haozi. Binti si wake, na mahari hapangi yeye. Kazi yake ni kubisha hodi mlango ambao wewe ungesimama mbele yake mpaka jua lizame, na kusema kijana huyu kwao napafahamu. Ana pia kazi ya pili ambayo watu huisahau: kabla ya safari anamweka kijana pembeni na kumwambia mzee wa nyumba ile hapendi mtu anayejisifu, au anapenda, na kwamba swali la kwanza huwa hili. Wakishakaa mkekani, kijana anajibu mwenyewe, na wenye nyumba wanaweza kumkataa.

Neitui inakwenda hivyohivyo. CV yako inasomwa na binadamu badala ya kuzama kwenye maelfu, kisha unakwenda kwenye usaili ambao kwa kawaida aliyekupendekeza hamo. Kampuni nyingi kubwa za teknolojia humlipa bonasi mfanyakazi ambaye mtu wake ameajiriwa. Mshenga naye ana kilemba chake. Kwa hiyo, mtu usiyemfahamu kukupendekeza si huruma tupu. Ana sababu, ilimradi usimwaibishe.

Ile kazi ya pili ya mshenga ndiyo inayofanywa na vyama vya wataalamu, na ndiyo ninayoipenda zaidi. AnnaLee Saxenian, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley aliyechunguza Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia huko California, miaka ya 1990, alikuta vyama vya wahandisi wa Kichina vikiendesha semina za kuzungumza Kiingereza cha kazini, kuandika CV, kujadiliana na hata kukabiliana na msongo wa mawazo. Kuna mengi ya kufunzwa hapo. CV ya China huwa na picha, umri na hali ya ndoa. Marekani na Kanada vyote hivyo huachwa nje. Kisha kuna unyenyekevu. Ukimsifu Mchina aliyelelewa kwa adabu za zamani, atajibu *nali nali*, yaani “wapi, wapi”, kama sisi tunavyosema “tunajitahidi tu.” Kwenye usaili wa California, “tunajitahidi tu” husikika kama kukiri kosa.

Nilidhani pia vyama hivi ni kimoja, kwa kuwa Wachina ni wamoja. Lo! Chama cha wahandisi kutoka China bara, Silicon Valley Chinese Engineers Association, kilianza mwaka 1989. Monte Jade, kilichoanzishwa na wenye asili ya Taiwan wakati uleule na kupewa jina la mlima mrefu kuliko yote kisiwani kwao, kilikuwa na wanachama wake na mikutano yake, ambayo mara nyingi iliendeshwa kwa Kimandarini. Aliyekulia Hong Kong na Kikantoni chake alikuwa mgeni hapo karibu sawa na mimi.

Kinachowaunganisha watu wasiofahamiana, basi, mara nyingi si utaifa mtupu. Ni chuo. Aliyekutangulia chuoni unamwita *shixiong*, kaka kwa upande wa mwalimu. Akiwa mwanamke ni *shijie*, dada. Anaweza kuwa alihitimu miaka 15 kabla yako na hamjawahi kuonana. Hapa nilicheka peke yangu: lugha imemchukua mchuuzi wa samaki wakavu na kumvisha kanzu ya ndugu. Kumbe niliposikia wanaitana kaka na dada na kuhitimisha ni undugu, nilikuwa nimedanganywa na salamu, mimi ninayemwita kaka kila kondakta wa daladala.

Nitie maji kidogo kwenye mvinyo huu. Watu wa Newton walikuwa wanaume watupu, wa mji mmoja, na hawakuchaguliwa kwa uhamiaji wao. Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2022: watafiti walichambua majaribio ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, yaliyohusisha watu milioni 20 kwa miaka mitano, wakaona kweli mtu wa mbali husaidia zaidi, lakini si wa mbali mno. Anayefaa ni wa katikati. Na katika sekta zisizotumia sana teknolojia ya kidijitali, watu wa karibu ndio waliofaa zaidi, jambo linalomrudishia binamu wa mgahawani heshima yake.

Saxenian naye aliripoti kwamba asilimia 17 ya kampuni za teknolojia zilizoanzishwa Silicon Valley kati ya 1980 na 1998 ziliongozwa na Wachina. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, lakini ilipatikana kwa kuangalia majina ya ukoo ya wakurugenzi. Mtu anayeitwa Lee anaweza kuwa Mchina wa Taipei, Mkorea wa Seoul, au mzungu wa Virginia.

Majina hayohayo ndiyo yanayoeleza kwa nini mshenga anahitajika. Mwanauchumi Philip Oreopoulos alituma maelfu ya CV za kubuni kwa waajiri wa Toronto na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Zenye majina ya Kiingereza ziliitwa kwenye usaili zaidi ya zenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, hata pale elimu na uzoefu vilipokuwa vilevile vya Kanada. Wenye uzoefu wa nje ya Kanada waliumia zaidi. Chama cha usajili wa wahandisi Ontario, jimbo lenye Toronto, kilifuta sharti la uzoefu wa Kanada mwaka 2023, na tangu Januari 2026 sheria ya jimbo hilo inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kulitaja kwenye matangazo ya kazi. Kwenye matangazo, nasema. Kichwani mwa msaili sheria haifiki, na anayejua yaliyomo humo ni aliyekwisha kukaa mbele yake.

Bado kuna kipande kimoja kisichokaa vizuri kwenye simulizi langu. Mwaka 2021 mtafiti Jackson Lu alichunguza wanafunzi wa sheria na wa uzamili wa biashara nchini Marekani, akaona kwamba wenye asili ya Asia Mashariki walielekea zaidi kushikamana na wenzao wa asili hiyo, na kwamba hilo lilichangia kuwafanya wachaguliwe mara chache kuwa viongozi wa makundi mchanganyiko. Wenye asili ya Asia Kusini hawakuwa hivyo. Wanafunzi si wahandisi, na kuchaguliwa kiongozi wa darasa si kupandishwa cheo. Ila nimeshaanza kujiuliza kama kundi la akina *shixiong*, likinoga na kukutana kila Ijumaa, haligeuki nalo kuwa kisima kimoja.