Ubingwa wa pointi 10: dhana potofu kuhusu Alan Kulwicki

Alan Kulwicki alianza mbio 207 katika daraja la juu la NASCAR, mbio kubwa za magari za Marekani, akashinda 5 tu. Mwaka 1992, kati ya mbio 29 za msimu, alishinda 2. Hata hivyo ndiye aliyetawazwa bingwa wa mwaka ule, akiwa dereva, mmiliki wa timu na mwajiri wa mafundi wake kwa wakati mmoja. Kwa kuwa hesabu hizo hazikai vizuri kichwani, watu wamejaza pengo kwa maneno: bahati, kiburi, fedha za mdhamini, shahada ya chuo. Machache yana chembe ya ukweli. Tuyachambue.

Dhana: Aliokota ubingwa baada ya Davey Allison kupata ajali

Ajali ilitokea kweli. Novemba 15, 1992, katika uwanja wa Atlanta, madereva 6 waliingia mbio za mwisho wakiwa bado na nafasi ya ubingwa. Allison aliongoza kwa pointi 3,928, Kulwicki alikuwa na 3,898 na Bill Elliott 3,888. Nyuma yao walikuwa Harry Gant, Kyle Petty na Mark Martin. Allison alihitaji kumaliza nafasi ya 5 tu, wengine wafanye watakavyo. Ilipobaki kama robo ya mbio, dereva mwingine, Ernie Irvan, alipoteza mwelekeo mbele ya Allison, wakagongana, na safari ya Allison ikaishia hapo.

Wanaosema "bahati" hukomea hapo. Lakini ajali ile haikumpa Kulwicki kombe. Iliwabakiza watu wawili wakikimbizana, na mmoja wao, Elliott, ndiye aliyeshinda mbio zile. Kulwicki alimaliza wa pili. Ilikuwaje basi mshindi wa mbio akakosa ubingwa?

Jibu limo katika kanuni za pointi za wakati ule. Mshindi alipata pointi 175, wa pili 170. Dereva yeyote aliyeongoza hata mzunguko mmoja aliongezewa 5. Aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote aliongezewa 5 nyingine. Atlanta ilikuwa na mizunguko 328. Kulwicki aliongoza 103, Elliott 102. Kwa hiyo Elliott alipata 175 na 5, jumla 180. Kulwicki alipata 170, na 5, na 5 tena, jumla 180. Waliingia wakiachana kwa pointi 10, wakatoka wakiachana kwa pointi 10: Kulwicki 4,078, Elliott 4,068.

Sasa chukua mzunguko mmoja tu, uutoe kwa Kulwicki umpe Elliott. Elliott angekuwa na 103 na Kulwicki 102, zile pointi 5 zingehama, na wote wawili wangefungana kwa 4,073. Wakifungana, huangaliwa nani ameshinda mbio nyingi zaidi. Elliott alikuwa na 5 msimu ule, Kulwicki 2. Kombe lingeondoka na Elliott.

Mzunguko ule haukuja wenyewe. Paul Andrews, fundi mkuu wa timu, na wenzake walikuwa wakihesabu mizunguko huku mbio zikiendelea. Walijua ni mzunguko gani Kulwicki akiufikisha akiwa mbele, Elliott hataweza tena kumpita kwa hesabu ya kuongoza. Wakamwacha uwanjani mafuta yakipungua, hadi karibu mzunguko wa 310, ndipo wakamwita ndani. Alipoingia walimwongezea mafuta tu, tairi hawakuzigusa.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Gari lile halina geji ya mafuta. Kuna geji ya presha ya mafuta, ambayo hukwambia yameisha pale yanapokuwa yameisha. Kilichobaki kwenye tangi hujulikana kwa kukokotoa: tangi lilikuwa la galoni 22, yaani lita 83 hivi, na injini ya mbio hunywa galoni moja kwa maili 4 hadi 5. Mizunguko 18 ya Atlanta ni maili 27 na ushee, kwa hiyo zilihitajika kama galoni 6. Ukimwaga kidogo, gari linazima njiani. Ukimwaga nyingi, sekunde zinapotea na nafasi ya pili inaponyoka. Kulwicki alimaliza akiikanyaga petroli kwa adabu, akimwacha Elliott aende zake, kwa sababu nafasi ya pili ilimtosha.

Isitoshe, gia ya kwanza ilikuwa imevunjika mapema katika mbio zile. Kila alipotoka kuongeza mafuta, mafundi walilazimika kulisukuma gari ili liondokee gia ya juu. Gari zito namna ile likiondokea gia ya juu, klachi huungua au injini huzima, na vipande vya gia iliyovunjika vikiingia kati ya gia zinazofanya kazi, giaboksi yote imekwisha. Anayeita siku ile bahati aeleze pia bahati gani hiyo ya kuendesha mamia ya maili na giaboksi iliyojeruhiwa.

Dhana: Bingwa lazima awe mwenye ushindi mwingi

Wiki 8 kabla ya Atlanta, Septemba 20, Kulwicki alipata ajali katika uwanja wa Dover na kubaki nyuma ya Elliott kwa pointi 278. Zilibaki mbio 6. Pointi nyingi kabisa ambazo dereva angeweza kuzoa katika mbio moja zilikuwa 185, hivyo pengo lile lilikuwa sawa na mbio nzima na nusu. Baada ya hapo hakushinda mbio hata moja. Alichofanya ni kumaliza, tena na tena, wakati gari la Elliott likipata matatizo katika mbio kadhaa. Msimu mzima alimaliza ndani ya 5 bora mara 11, na ndani ya 10 bora mara 17. Mfumo ule wa pointi ulimlipa anayefika, na yeye aliuelewa kuliko wengi.

Dhana: Ni magari ya kawaida ya dukani yaliyopakwa rangi

Miongo kadhaa kabla, ndiyo. Mwaka 1992, hapana. Ford Thunderbird ya Kulwicki ilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na ilikuwa na uhusiano na gari la barabarani kwenye paa, boneti, kifuniko cha buti na umbo la jumla. Milango haifunguki. Dereva huingia kupitia dirishani, kisha wavu hufungwa ili mkono usitoke nje gari likipinduka. Injini ilikuwa V8 ya inchi za ujazo 358, yaani lita 5.9 hivi, yenye kabureta moja. Giaboksi ilikuwa ya gia 4 za mkono, na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Mita ya spidi haipo, dereva husoma mizunguko ya injini. Uzito ulikuwa pauni 3,500, karibu kilo 1,590.

Kwenye pua ya gari lake la Atlanta, Kulwicki aliomba ruhusa ya kuondoa herufi mbili za mwanzo za neno "Thunderbird", likabaki "Underbird", maana yake gari la mnyonge. Ruhusa akapewa. Alijua timu yake ilikuwa ndogo kuliko za washindani wake, akaliandika hilo mbele ya gari walione wote.

Dhana: Kuzunguka kushoto tu hakuhitaji ufundi

Kwanza, si kushoto tu. Ratiba ya 1992 ilikuwa na viwanja vya kona za pande zote, Sears Point na Watkins Glen. Lakini hata tukibaki kwenye viwanja vya mviringo, ufundi uko palepale kwenye kona ya kushoto, na hapa elimu ya Kulwicki ilionekana. Alihitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Wisconsin, Milwaukee, mwaka 1977, na baba yake alikuwa mjenzi wa injini za mbio.

Gari linapoingia kona kwa kasi huwa na magonjwa mawili. La kwanza, pua haitaki kugeuka: unakata usukani, gari linaendelea kuelekea ukutani. La pili, mkia unatoka: sehemu ya nyuma inateleza na kutaka kukugeuza. Dereva mzuri husema ni lipi kati ya hayo, na husema pia linatokea wapi: unapoingia kona, katikati, au unapoanza kukanyaga mafuta kutoka. Majibu hayo matatu yana tiba tofauti.

Tiba ya haraka wakati wa mbio ni skrubu iliyo juu ya springi ya nyuma. Fundi hupitisha spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuizungusha nusu duru au duru moja. Akiikaza springi ya nyuma kushoto, uzito mwingi zaidi hukaa kwenye tairi hiyo na kwenye ya mbele kulia, inayotazamana nayo kwa mshazari. Mkia hutulia, lakini pua huwa ngumu. Akilegeza, kinyume chake. Tiba nyingine ni upepo wa tairi, ambao hurekebishwa kwa nusu pauni au pauni moja. Tairi hujazwa naitrojeni kavu, kwa kuwa hewa ya kawaida ina unyevu, na unyevu ukichemka presha hupanda ovyo na hesabu yote huharibika.

Tairi ya mbele kulia ndiyo inayoteswa zaidi, kwa kuwa uzito wa gari humwagikia huko katika kila kona. Ikipasuka, gari halina tena cha kuligeuza, linanyoosha moja kwa moja hadi ukutani. Anayedhani kazi hii ni kushika usukani na kusubiri bendera aanze kwa kuitazama tairi hiyo baada ya mizunguko 60.

Shahada peke yake haikumpa ubingwa, hilo nalo tuliseme. Ilimpa lugha ya kuzungumza na mafundi. Alisikia ugonjwa wa gari kupitia kiti chake na kuutaja kwa namna ambayo fundi angeweza kuutibu.

Dhana: Alikataa dola milioni 1 kwa kiburi

Junior Johnson, mmoja wa wamiliki wakubwa wa timu, alimtaka awe dereva wake kwa msimu wa 1991, kwa dau lililotangazwa kuwa dola milioni 1. Kulwicki alikataa. Ili kuelewa, rudi nyuma kidogo. Alipohama Wisconsin kwenda kusini, moto wa umeme uliunguza lori lake la vifaa siku 2 kabla ya safari, ikabidi aazime pikapu ya kuvuta trela. Mwaka 1986 alianza msimu wake wa kwanza kamili na gari 1 na injini 2, na bado akawa dereva mgeni bora wa mwaka. Mtu aliyejenga kwa namna hiyo hakuwa akilinda jina. Alikuwa akilinda haki ya kuamua injini ijengwe vipi, fundi gani aajiriwe, springi gani ifungwe. Ukiwa dereva wa kuajiriwa, hayo huamuliwa na mwenye timu. Hakuwa mwajiri rahisi, aliwabana mafundi na wengine waliondoka, lakini lawama na sifa vyote vilikuwa vyake.

Gharama ya kukataa ilikuwa kubwa. Alianza 1991 bila mdhamini wa kudumu. Machi mwaka ule, Atlanta, gari la timu nyingine lililobeba jina la Hooters, kampuni ya migahawa, lilishindwa kufuzu kuingia mbio. Kampuni ikabaki haina gari, Kulwicki ana gari lakini hana mdhamini. Wakaelewana palepale. Na Elliott, mtu aliyemshinda kwa pointi 10 mwaka uliofuata, alikuwa akiendesha gari la Junior Johnson.

Dhana: Alizunguka kinyumenyume kila aliposhinda

Alifanya hivyo mara mbili tu: Phoenix, Novemba 1988, aliposhinda mbio zake za kwanza, na Atlanta 1992 alipotwaa ubingwa. Aliuita mzunguko wa Kipolandi, kwa heshima ya asili ya familia yake. Na si kinyumenyume kwa maana ya gia ya rivasi. Ni kuuzunguka uwanja kwa upande usio wa kawaida, gari likienda mbele. Sababu yake ni rahisi. Dereva hukaa kushoto. Mbio zikizunguka kushoto, dirisha lake hutazama katikati ya uwanja, mashabiki huona ubavu wa kulia usio na mtu. Ukigeuza gari, dirisha la dereva huwaelekea waliolipa kiingilio, nao hukuona uso.

Dhana: Alikufa mbioni, au akirusha ndege mwenyewe

Si moja wala jingine. Aprili 1, 1993, akiwa na umri wa miaka 38, alikuwa abiria katika ndege ndogo ya mdhamini wake, akitoka Knoxville kwenda kwenye mbio za Bristol. Ndege ilianguka karibu na uwanja wa ndege wa Tri-Cities, Tennessee, ikaua wote 4 waliokuwamo. Barafu ilikuwa imeingia kwenye injini. Alikuwa ameanza mbio 5 tu za msimu akiwa bingwa mtetezi.

Siku tatu baadaye, Aprili 4, dereva Rusty Wallace alishinda Bristol. Baada ya bendera ya mwisho aligeuza gari, akauzunguka uwanja kwa upande wa pili, dirisha lake likiwatazama watu majukwaani.