Kwotabeki si beki, na wa akiba si sabu

Kila Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Marekani, ikikaribia naisikia sentensi ileile, safari hii kwa kijana aliyekuwa akimweleza mwenzake kwa kujiamini kabisa: "Kwotabeki ni beki anayecheza robo, na yule wa benchi ni sabu yake." Ni sentensi fupi yenye makosa matatu. Nimekwisha kuisahihisha kwa mdomo mara nyingi, kwa hiyo leo naandika.

Maana kwanza, kwa haraka. Kwotabeki ni mchezaji wa futiboli ya Marekani anayepokea mpira kila timu yake inapoanzisha shambulizi, kisha anaamua: ampe mkimbiaji, aurushe kwa mpokeaji aliye mbele, au akimbie nao mwenyewe. Ndiye anayewatangazia wenzake mpango kabla mpira haujatoka chini. Timu huwa na mmoja ambaye ni namba moja, na nyuma yake mmoja au wawili wanaomsubiri.

Sasa jina. Sisi neno "beki" tulilipata kwenye kandanda, na kwetu beki ni mlinzi: anazuia, anakaba, anaokoa. Ndiyo maana mtu akisikia kwotabeki anamweka upande wa ulinzi, wakati kwotabeki hachezi hata dakika moja timu yake ikiwa inalinda. Wakati huo yuko pembeni, helmeti mkononi, anazungumza na makocha.

Neno lenyewe halikuwa na habari ya ulinzi. Maana yake ni "aliye nyuma", basi. Katika raga ya karne ya 19 wachezaji waliosimama nyuma ya kundi la mbele walipewa majina kwa kadiri walivyokuwa mbali nalo: kulikuwa na wa robo, wa nusu, wa robo tatu, na wa mwisho kabisa aliyeitwa fulbeki. Anayefuatilia raga ya Kenya bado anayasikia baadhi ya majina hayo. Kandanda nayo iliyachukua. Katika mfumo wa zamani wa 2-3-5, wale watatu wa katikati waliitwa hafubeki na wale wawili wa nyuma fulbeki. Kwa kuwa waliokuwa nyuma kandandani ndio waliolinda lango, kwetu "nyuma" ikageuka kuwa "ulinzi". Huko Marekani haikugeuka. Kwotabeki alibaki kuwa yule aliye nyuma kidogo tu, robo ya njia, hatua moja au mbili kutoka kwa anayetoa mpira.

Na hiyo robo haihusiani kabisa na robo nne za mchezo. Hapa tarehe zinatosha kumaliza ubishi. Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ndiye aliyesukuma mabadiliko ya sheria ya mwaka 1880 yaliyoleta wachezaji 11 kila upande na utaratibu wa timu moja kumiliki mpira na kuuanzisha chini, na anayeupokea kwanza akaitwa kwotabeki. Mchezo ulikuja kugawanywa robo nne za dakika 15 mwaka 1910. Jina lilitangulia kwa miaka 30! Hata ile pasi ya kurusha mbele, ambayo leo ndiyo sura ya kazi yake, iliruhusiwa mwaka 1906. Kwa zaidi ya miaka 25 kulikuwa na makwotabeki ambao sheria haikuwaruhusu kurusha mpira mbele hata mara moja.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaharibu kila ulinganisho wa namba moja na namba mbili. Sabu wa kandanda ni sehemu ya mpango. Kocha anajua kwamba dakika ya 60 mawinga watachoka, na ana wengine wenye miguu mipya. Futiboli ya Marekani inaruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, na timu hubadilisha watu karibu kila mpira unapoanzishwa. Lakini kwotabeki haguswi. Akiwa mzima na timu haijakata tamaa, atacheza mashambulizi yote. Wa akiba anaingia kwa jeraha, kwa kushuka kiwango, au matokeo yakiwa yameshaamuliwa. Ukitaka mfano wa kandanda, mfikirie kipa namba mbili.

Tena mazoezini msimu ukiwa umeanza, mipira karibu yote ya kikosi cha kwanza anarusha namba moja. Namba mbili kazi yake kubwa ni kuigiza kwotabeki wa timu pinzani ili walinzi wa kwao wajiandae. Kwa hiyo ukiweka takwimu zao kwenye jedwali moja, unampima mtu aliyezoeana na wapokeaji wake miezi mizima dhidi ya mtu aliyekuwa akicheza nafasi ya adui.

Timu ya Philadelphia Eagles ya msimu wa 2017 inalionyesha hili vizuri kuliko timu yoyote. Namba moja wao, Carson Wentz, alikuwa na pasi 33 za tachidauni (yaani zilizofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) na 7 zilizonaswa na wapinzani katika mechi 13, kisha goti likaumia Desemba 10 dhidi ya timu ya Rams. Namba mbili, Nick Foles, aliyemaliza mechi za kawaida, kabla ya zile za mtoano, na pasi 5 tu za tachidauni, akakabidhiwa timu. Kocha mkuu Doug Pederson na msaidizi wake wa ushambuliaji Frank Reich wote wawili waliwahi kuwa makwotabeki wa akiba. Reich ndiye aliyeichezea Buffalo Januari 1993 badala ya Jim Kelly aliyeumia, wakiwa nyuma 35-3 dhidi ya Houston, wakashinda 41-38. Watu hao hawakumtaka Foles aige Wentz. Waliongeza mipango ya mashambulizi aliyoizoea yeye. Februari 4, 2018, kwenye Super Bowl iliyochezwa Minneapolis, Foles alirusha yadi 373, akapata tachidauni tatu za pasi, akadaka moja yeye mwenyewe, na Eagles wakawafunga Patriots 41-33. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali hiyo ikawa yake.

Sasa angalia kilichofuata. Msimu wa 2018 ulipoanza Wentz alikuwa bado hajapona, Foles akacheza mechi mbili za kwanza. Ya tatu, Wentz akarudi uwanjani na mchezaji bora wa Super Bowl akarudi pembeni. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu cheo kilikuwa cha Wentz muda wote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimweleza mwenzako tena, usiseme "aliyeanza" na "aliyeingia". Siku ile Minneapolis aliyeanza ni Foles, na Wentz hakuingia kabisa. Sema namba moja na namba mbili, na hiyo "sabu" tuiachie kandanda.