Je, wajua kwa nini neva ya sauti ya twiga huteremka hadi kifuani, kisha ikapanda tena?

Twiga ana zoloto, yaani kiungo cha sauti kilichopo juu ya koo, karibu kabisa na ubongo. Neva inayoendesha misuli ya zoloto hilo ingeweza kufika baada ya mwendo usiotimia hata nusu mita. Lakini haifanyi hivyo. Inatoka ubongoni ikiwa ndani ya neva kubwa iitwayo vagasi, inalipita zoloto, inateremka shingo nzima, inaingia kifuani na kupinda chini ya aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Hapo ndipo inapogeuka na kuipanda shingo ile ile hadi kwenye zoloto. Kwa twiga mkubwa, mzunguko huo hufikia takriban mita 4.

Nasi binadamu tunayo, ila kwetu ni fupi. Ndiyo maana mtu aliyepasuliwa goita anaweza kuzinduka sauti ikiwa inakwaruza, endapo neva hiyo imejeruhiwa. Hata aota ikivimba kifuani, sauti inaweza kufifia ilhali koo lenyewe ni zima.

Neva hii imeingia katika mjadala mkubwa: je, viumbe vilisanifiwa na Muumba, au vilitokana na mageuko, yaani mabadiliko ya polepole ya kizazi hadi kizazi? Mwaka 1802 mwanateolojia Mwingereza William Paley aliandika kwamba anayeokota saa hujua ipo kazi ya fundi, na kwamba viumbe navyo vinamshuhudia Muumba wao vivyo hivyo. Miaka ya 1990 hoja hiyo ilirudi Marekani kwa jina la usanifu wenye akili. Mwanabiokemia Michael Behe alitoa mfano wa mkia ambao bakteria huuzungusha ili kuogelea: ukiondoa sehemu moja, alisema, wote haufanyi kazi, kwa hiyo haukuweza kujengeka hatua kwa hatua. Wanabiolojia walimjibu kwamba baadhi ya sehemu za mkia huo zinafanana sana na kifaa ambacho bakteria wengine hukitumia kuchomea sumu kwenye seli, tena kifaa hicho kinafanya kazi bila mkia wowote.

Kuhusu twiga, watetezi wa usanifu wana jibu, na ni haki kulisikiliza. Wanasema neva hiyo haizunguki bure, kwani njiani hutoa matawi yanayokwenda kwenye moyo, umio na koo la hewa. Matawi hayo yapo kweli. Tatizo ni kwamba neva nyingine ya zoloto, nayo tawi la vagasi, huenda moja kwa moja bila kushuka kifuani. Njia fupi inawezekana, na matawi ya moyo yangeweza kutoka kwenye vagasi yenyewe ambayo tayari inapita hapo. Wengine husema hatuwezi kujua nia ya msanifu. Huenda ni kweli, lakini kwa maoni yangu jibu hilo lingefaa kwa njia yoyote ile ambayo neva ingepita, na kwa hiyo halitufafanulii kwa nini imepita hii.

Maelezo ya mageuko yanaanzia kwa samaki. Samaki hana shingo, na moyo wake uko karibu na matamvua. Matawi ya vagasi huenda kwenye matamvua yakipita nyuma ya mishipa ya damu iliyopo hapo, na hiyo ndiyo njia fupi. Kiinitete cha twiga, kama cha binadamu, huanza na mpangilio unaofanana na huo: neva iko nyuma ya upinde wa mshipa wa damu, moyo ukiwa karibu na kichwa. Kisha shingo inarefuka, moyo unashuka kifuani, na upinde ule unaishusha neva pamoja nao. Mageuko hurekebisha kilichopo. Hayakifumui ili yaanze upya.

Mwaka 2005 mjadala ulifika mahakamani huko Pennsylvania, Marekani, baada ya bodi ya shule za Dover kutaka wanafunzi waelezwe habari za usanifu wenye akili. Jaji John E. Jones aliamua kwamba hiyo si sayansi. Shahidi mkuu wa upande wa wazazi walioshtaki alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia ambaye ni Mkatoliki. Nalitaja hilo kwa sababu wengi hapa kwetu wanaogopa kwamba kukubali mageuko ni kuikana imani. Miller hakuona hivyo, na wapo waumini wengi wenye msimamo kama wake.

Maelezo hayo ya kiinitete yanaweza kupimwa hata kwa binadamu. Neva hii ipo pande zote mbili: ya kushoto ndiyo inayopinda chini ya aota, na ya kulia hupinda chini ya mshipa wa damu uendao mkononi. Kwa takriban mtu mmoja kati ya 100, au pungufu ya hapo, mshipa huo huchipuka mahali pengine wakati wa ukuaji tumboni, hivyo hakuna kitu cha kuivuta neva chini. Kwa watu hao neva huenda moja kwa moja kwenye zoloto, na wanaongea kama kawaida. Wengi hawajui kabisa kwamba wako hivyo, hadi siku daktari anapowapasua shingo, akaitafuta neva mahali pake pa kawaida na kuikosa.