Chaja ya AC kwenye umeme wa DC: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukiipa DC italipuka." Geuza chaja ya laptopu usome: 100–240V~, 50/60Hz. Kale kamkia (~) ni alama ya AC, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, na ndiko kanakowafanya mafundi wengi waape kwamba DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, hauingii humo. Lakini umeme ukishapita fyuzi na kichujio, unakutana na dayodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizofungwa kwa mtindo wa daraja, na kazi yake ni hiyohiyo: kuufanya AC uwe DC. Kapasita kubwa inayofuata (kitunza chaji) hujaa hadi kilele cha wimbi, na kwa umeme wa volti 230 kilele hicho ni karibu volti 325. Kuanzia hapo saketi nzima inaendeshwa na DC. Ukiingiza DC ya kiwango kinachofaa tangu mwanzo, dayodi mbili zinapitisha, mbili zinapumzika. Hata ukikosea chanya na hasi, daraja linanyoosha mambo. Ila zile mbili zinazopitisha hazipokezani tena na wenzake, zinafanya kazi bila kupumzika. Kwenye mzigo mkubwa zitachemka kuliko kawaida.

"Basi naunga kwenye betri ya gari." Volti 12? Haitawaka hata taa. Kilele cha AC ya volti 100 ni 141, kwa hiyo betri 12 za volti 12 zilizofungwa mfululizo (volti 144) ndiyo zinaanza kugusa kiwango cha chini. Kwa juu, kapasita nyingi za ndani zina kikomo cha volti 400. Anayeunga paneli za sola mfululizo asitazame volti za kazini peke yake: paneli isiyo na mzigo hupanda, na asubuhi ya baridi hupanda zaidi.

"Chochote cha AC kinakubali." Hapana, na hapa ndipo vitu vinapoungua. Adapta zile nzito za zamani zina transfoma ya chuma. Transfoma huzuia AC kwa sababu sumaku yake inageuka kila mara. DC inakuta waya tu usio na cha kuizuia, mkondo unapanda na moshi unatoka. Balbu za LED za bei poa zinazopunguza umeme kwa kapasita hazitawaka kabisa, maana kapasita haipitishi DC. Pawa saplai ya kompyuta yenye kiswichi cha 115/230 ikae kwenye 230. Za kisasa zenye PFC (saketi inayorekebisha namna umeme unavyovutwa) hazitabiriki: nyingine zinakubali, nyingine hulitafuta wimbi, zikilikosa zinagoma.

"Volti ni zilezile, swichi na fyuzi zitatosha." Kati ya yote, hili ndilo linalonitisha. AC ya 50Hz hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche ya swichi inapofunguka hupata nafasi ya kufa. DC haina nafasi hiyo. Kwenye volti 300 cheche inaweza kuendelea kuwaka katikati ya swichi iliyokwisha kuzimwa, ikayeyusha plastiki. Fyuzi iliyoandikwa 250V AC inaweza kukatika na umeme ukaendelea kupita ndani yake kwa cheche. Tafuta fyuzi na breka zilizoandikwa DC kwa volti zako, na usichomoe plagi mzigo ukiwa unafanya kazi.

Ziko pawa saplai za viwandani zilizoandikwa wazi kabisa pembeni: 85–264VAC, 120–370VDC. Mimi hununua hizo. Ile ya laptopu nimeijaribu mezani, nikiwa nimekaa pembeni yake, na nilipomaliza niliichomoa.