Mfalme kama mwenye shamba: mali na mamlaka kwa Karl Ludwig von Haller

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba serikali ni ya wananchi, na kiongozi amepewa dhamana tu. Karl Ludwig von Haller, profesa wa sheria mjini Bern, Uswisi, aliliona wazo hilo ndilo lililoleta balaa la Mapinduzi ya Ufaransa.

Juzuu la kwanza la kitabu chake kikubwa lilitoka mwaka 1816. Humo alikana kwamba watu waliwahi kukaa chini wakakubaliana kuunda dola. Anachokiona yeye ni mwenye nacho na wanaomtegemea: baba na wanawe, bwana na watumishi, mwenye ardhi na wapangaji wake. Mfalme ni mwenye ardhi kama hao wengine, ila hana bwana juu yake. Hazina ni mfuko wake, maofisa ni watumishi wake, vita ni ugomvi wake.

Msomaji wa haraka atadhani mfalme huyo ameruhusiwa kufanya atakalo. Sivyo. Kama kiti cha enzi ni mali, shamba la mkulima nalo ni mali, na haki zake ni zile zile. Ndiyo maana Haller alipinga kodi zisizo na ridhaa ya walipaji, akapinga pia vijana kuswagwa jeshini kwa lazima. Mwenye ugomvi augharamie.

Wala hakuyatoa hayo hewani. Ufaransa ya zamani, kiti cha hakimu kilinunuliwa na kurithiwa. Kuanzia 1604, mwenye kiti alilipa kila mwaka moja ya sitini ya thamani yake, ili akifa kibaki kwenye familia. Mabwana wa ardhi nao walikuwa na mahakama zao: mkulima akibishana na bwana kuhusu ushuru wa mavuno, aliyesikiliza kesi aliweza kuwa hakimu aliyewekwa na bwana huyo huyo. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, Bunge la Taifa liliamua kufuta yote mawili, biashara ya vyeo na mahakama za mabwana.

Kwa maoni yangu, nadharia ya Haller inakwama hapo hapo kwenye kesi. Aliyeonewa na mmiliki wa nchi amshitaki wapi? Haller anamwambia ajitetee, atafute msaada, au ahame. Kuhama ni rahisi kwa mwenye fedha benki; mwenye ng'ombe wawili na deni la mbegu ataanzia wapi?

Wapinzani hawakumsubiri. Oktoba 1817, wanafunzi wa Kijerumani kwenye ngome ya Wartburg waliteketeza jina la kitabu chake, kwa kuwa walichotupa motoni ni mafurushi ya karatasi taka yaliyobandikwa majina ya vitabu. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, naye alimshambulia kwa maandishi. Hata hivyo, katika majimbo ya mashariki ya Prussia, ufalme wa Kijerumani, wenye mashamba makubwa waliendelea kuwa na mamlaka ya polisi juu ya wakazi wa mashamba hayo hadi sheria ya 1872, miaka 18 baada ya Haller kufariki.