Nilikataa Kumkagua Mtoto Uwanjani

Muhula uliopita nilikuwa nikitoa huduma ya kwanza kwenye michezo ya zoni, hapa Kisumu. Baada ya mchujo wa mita 200 za wasichana, mzazi mmoja alinijia pamoja na mwalimu wa michezo, akamnyooshea kidole mtoto aliyeshinda. Mtoto alikuwa amechutama kando ya mstari wa chokaa akijitoa mwiba unyayoni.

"Daktari, yule si msichana. Hebu mwangalie."

"Nimwangalie nini?"

"Wewe unajua. Mambo ya Marekani tunayaona kwenye simu."

Nilikataa. Alimaanisha ubishi wa huko kuhusu iwapo walioandikwa wavulana walipozaliwa, lakini wanajijua kuwa wasichana, washindane na wasichana. Mimi ni daktari wa watoto na kazi yangu ni homoni na ukuaji, kwa hiyo acha nieleze.

Mtoto yule ana miaka 11. Wasichana wengi huanza kubaleghe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Ndiyo maana katika gredi ya 5 au ya 6 utamkuta msichana aliyewapita kimo hata wavulana wa darasa lake. Ni mwili uliowahi, basi.

Kabla ya baleghe, tofauti ya mbio kati ya wavulana na wasichana ni ndogo. Inayoipanua ni testosteroni, homoni ya kiume. Korodani zikishaanza kuimwaga, misuli hunenepa, mifupa hurefuka, moyo hukua na damu hubeba oksijeni nyingi zaidi. Katika mbio za kiwango cha dunia, wanaume huwaacha wanawake kwa takriban asilimia 10 hadi 12. Dawa za kuishusha homoni hiyo hupunguza hemoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, ndani ya miezi michache, ila misuli hupungua polepole na kwa kiasi, na mfupa uliokwisha kurefuka haurudi nyuma.

Sasa mtoto wa transjenda, tuseme aliyeandikwa mvulana alipozaliwa lakini anajijua kuwa msichana. Akiwa hajabaleghe, sioni haki gani inayolindwa kwa kumtoa uwanjani. Akishapitia baleghe ya kiume, swali ni zito, na msichana anayehofia kunyang'anywa nafasi ya kwenda mashindano ya kitaifa hastahili kuitwa mbaguzi. Mwaka 2022 World Aquatics, wasimamizi wa kuogelea duniani, walichora mstari wao penye baleghe hiyo hiyo: mwanzo wake au miaka 12. World Athletics, wasimamizi wa riadha, ilifuata mwaka 2023 kwa kuwazuia waliopitia baleghe ya kiume kushindana na wanawake kimataifa. Lakini hizo ni kanuni za kugombea medali za dunia. Kuziteremsha hadi kwa watoto wanaokimbia pekupeku ni kosa, nami nalipinga.

Tena tusiwachanganye watoto hawa na huntha, ambao tofauti yao imo katika maumbile ya kuzaliwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua.

Udhalimu ninaoukuta mara nyingi kwenye michezo ya shule ni vijana waliopunguziwa umri. Huo hufichuliwa kwa vyeti vya kuzaliwa, si kwa kumvua mtoto nguo.

Fainali, msichana yule alimaliza wa tatu. Alikuja nimsafishe unyayo, akaniuliza yule baba alikuwa akisema nini juu yake. Nilimwambia alitaka kujua umri wake. Akanitazama kidogo, kisha akainama kuvaa soksi.